Maswali ya Wasomaji: Mnyororo wa Shanga Ndani ya Mkondo

Makala ya toleo lililopita kuhusu polima, yaani molekuli zilizoundwa kwa vipande vidogo vilivyoungana mfululizo kama mnyororo, ilileta barua nyingi, na karibu zote zilirudi kwenye sentensi moja tuliyoipita kwa haraka: kwamba mwenendo wa molekuli hizo ndani ya kimiminika kinachotiririka huchunguzwa kwa uigaji wa kompyuta. Nimechagua barua tano. Ya pili nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu matatizo aliyoyaeleza mwandishi wake huwakuta karibu wote wanaoanza kazi hii, na ni mara chache kuyakuta yameelezwa kinagaubaga.

SWALI: *Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Nilipofuatilia zaidi niliona kuwa wataalamu huchora polima kama shanga zilizounganishwa kwa springi. Ikiwa sheria za mwendo wa atomi zinajulikana, kwa nini wasiziige atomi zote kama zilivyo? Je, shanga hizo si kuwadanganya wasomaji?*

JIBU: Ndugu Mwalimu, swali lako ndilo linalopaswa kutangulia, na hesabu ndogo italijibu vizuri kuliko maelezo marefu. Tuchukue DNA ya virusi viitwavyo lambda, ambavyo hushambulia bakteria. Ina jozi 48,502 za besi, yaani vipande vidogo vya kemia vinavyoiunda, na kwa kuwa kila jozi huongeza nanomita 0.34, mnyororo mzima ukinyooshwa hufikia mikromita 16 na nusu hivi. Katika maji yaliyotulia haukai umenyooka. Hujikusanya ukawa kama furushi la uzi lenye upana wa mikromita moja na kidogo. Kisanduku cha kuliweka furushi hilo, chenye pande za mikromita 3, kitajaa molekuli za maji zipatazo bilioni 900. Uigaji wa atomi hulazimika kusonga kwa hatua za femtosekunde 2 hivi, na femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni moja, kwa hiyo sekunde moja ya maisha ya DNA hiyo itadai hatua trilioni 500. Hata tukijaaliwa mashine iwezayo kupiga hatua 1,000 kila sekunde kwa idadi hiyo ya atomi, mashine ambayo haipo, tungesubiri karibu miaka 16,000.

Kwa hiyo swali la kweli si kama tuache kitu, bali tuache nini. Kinachofaa kuachwa ni kile ambacho mtiririko hauwezi kukigusa. Mitetemo ya vifungo vya atomi huisha na kuanza upya mara mabilioni kabla furushi halijabadili umbo, na mkondo wa maji hauijui. Kinachobaki ni vitu vitatu: kimiminika kuuburuta mnyororo, vipande vya mnyororo kuvutana, na molekuli za maji kuvipiga vipande hivyo bila mpango, mapigo yaleyale yaliyotikisa chembe alizozitazama Robert Brown mwaka 1827 na ambayo Albert Einstein aliyawekea hesabu mwaka 1905. Mwaka 1953 Prince Rouse aliviweka vitu hivyo vitatu katika mnyororo wa shanga na springi, na mpaka leo tunaanzia hapo.

Kuhusu udanganyifu, naomba uitazame springi kwa makini, kwa kuwa ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya zaidi. Hakuna springi ndani ya molekuli. Kipande kirefu cha mnyororo kina namna nyingi mno za kujikunja ncha zake mbili zikiwa karibu, kina namna chache ncha zikiwa mbali, na kikivutwa hadi mwisho kinabakiwa na namna moja tu, ambayo ni kunyooka. Mapigo ya joto hayapendelei namna yoyote, lakini kwa kuwa zile za kujikunja ndizo nyingi, kipande hurejea huko kana kwamba kuna kitu kinachokivuta. Nguvu ya springi ni hesabu ya namna hizo. Ndiyo maana, tofauti na springi ya chuma, hii hukaza zaidi halijoto inapopanda. Anayeelewa hivyo hadanganyiki. Anayedhani kuwa kila springi ni kifungo cha kemia atakosea, na ni wajibu wetu tunaoandika kumzuia asidhani hivyo. Tumepoteza kemia yote ya besi, hilo ni kweli, na mtu anayetaka kujua kama rangi fulani itanata kwenye besi fulani hatasaidiwa na shanga hata kidogo.

SWALI: *Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu. Naandika programu ya mnyororo wa shanga 20 katika mtiririko wa kunyoosha, ule ambao kimiminika huja kutoka pande mbili na kutokea pande nyingine mbili. Springi zangu ni zile zenye ukomo wa urefu. Kila ushanga nimeupa tungamo lake. Bila mtiririko programu inakwenda, lakini nikiuongeza springi moja huvuka ukomo wake na namba zote huharibika. Nikipunguza hatua ya muda ili kuzuia hilo, mnyororo husinyaa kana kwamba joto limetoweka. Nimekosea wapi?*

JIBU: Ndugu yangu, una makosa mawili yaliyo mbalimbali na mzigo mmoja usio na kazi, nami nitaanza na mzigo. Liondoe tungamo. Ushanga unaosimamia kipande cha DNA, wenye nusu kipenyo cha mikromita 0.077, ukisukumwa ndani ya maji husahau mwendo wake baada ya nanosekunde moja hivi, ilhali furushi lote huhitaji takriban sehemu ya kumi ya sekunde kubadili umbo. Kwa kulibakiza tungamo unailazimisha programu ihesabu tukio ambalo limekwisha mara milioni mia moja kabla jambo unalolitafuta halijatokea. Liondoe, na mlinganyo utakuambia moja kwa moja ushanga utasogea kiasi gani: kasi ya kimiminika mahali ulipo, kuongeza nguvu za springi zikigawanywa kwa uburutaji, kuongeza pigo la nasibu.

Kusinyaa kwa mnyororo kumetoka kwenye pigo hilo la nasibu. Nina hakika, bila kuiona programu yako, kwamba umelizidisha kwa hatua ya muda kama ulivyofanya kwa nguvu nyingine. Pigo la nasibu huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha hatua ya muda. Sababu yake ni kwamba mapigo hayaelekei upande mmoja. Hatua mia zinazoelekea kokote hazikufikishi mara mia ya umbali wa hatua moja, bali mara kumi tu, kwa kuwa nyingi hufutana. Ushanga niliokutajia, katika maji ya kawaida, husambaa kwa mikromita za mraba 2.8 hivi kila sekunde. Kwa hatua ya sekunde 0.0001 pigo lake katika kila mhimili ni kama mikromita 0.024, na ukiipunguza hatua mara kumi, pigo hupungua mara 3.2 tu, si mara kumi. Ukilipunguza mara kumi umeondoa joto katika maji yako. Unaweza kulithibitisha leo hii: zima mtiririko, pima wastani wa mraba wa urefu wa springi, kisha igawe hatua ya muda kwa mbili. Wastani usipobadilika, pigo ni sahihi. Wastani ukipungua kwa karibu nusu, umelipata kosa lako.

Kosa la springi ni gumu zaidi, na hapa ningependa tusiende haraka. Nguvu ya springi yenye ukomo, kama ile aliyoipendekeza mtafiti Warner na inayotumiwa na wengi, hupatikana kwa kuigawa nguvu ya springi ya kawaida kwa moja kutoa mraba wa uwiano wa urefu na ukomo. Uwiano ukiwa 0.98, nguvu ni mara 25 ya ile ya springi ya kawaida, ukifika 0.99, ni mara 50. Asilimia moja ya urefu imeizidisha nguvu mara mbili. Sasa programu yako huisoma nguvu mwanzoni mwa hatua na kuitumia kwa hatua nzima, kana kwamba haitabadilika njiani. Mkondo ukiuvuta ushanga kidogo tu kupita kiasi, uwiano unavuka moja, kigawanyo kinakuwa hasi, na springi iliyopaswa kuvuta ndani inaanza kusukuma nje. Kuanzia hapo hakuna kinachoweza kuirudisha. Au hutokea kinyume chake: springi iliyo karibu na ukomo huuvuta ushanga kwa nguvu kubwa mno kwa hatua nzima, ukaruka hadi upande wa pili na kuvuka ukomo wa huko.

Kuna wanaoikataa hatua yoyote iliyovuka ukomo na kupiga kete upya mpaka ipatikane inayofaa. Sikushauri. Ukizikataa hatua kubwa za kwenda nje pekee, umeyabadili mapigo ya nasibu kwa siri, na upotofu huo hujitokeza zaidi mahali palepale unapotaka kupachunguza, yaani mnyororo unapokaribia kunyooka. Njia iliyo safi ni kuihesabu springi kwa urefu wake wa mwisho wa hatua badala ya ule wa mwanzo. Urefu huo haujulikani bado, lakini ukiuandika mlinganyo wake kwa springi ya Warner utaona ni mlinganyo wa kipeo cha tatu, na una jibu moja tu lililo kati ya sifuri na ukomo. Hilo ndilo urefu wako mpya. Kwa namna hiyo springi haiwezi kuvuka ukomo hata ikitaka, na hatua yako ya muda inaweza kuwa kubwa kuliko unayoitumia sasa. Kwa mnyororo wa springi 19 utazipitia moja baada ya nyingine, kisha uanze tena mzunguko mpaka mabadiliko yawe madogo kuliko kiasi ulichojiwekea.

Nimewahi kupoteza wiki nyingi nikifuata njia ya kupunguza hatua ya muda tu, nikidhani subira ndiyo dawa, kwa hiyo naandika haya kwa kutaka kwa dhati usiifuate njia hiyo.

SWALI: *Ndugu Mhariri, nimesoma kuwa kila ushanga unaposogea huyasukuma maji na kuzisogeza shanga nyingine, na kwamba kulihesabu jambo hilo ni ghali mno. Je, hatuwezi kulipuuza?*

JIBU: Wakati mwingine tunaweza, lakini mnyororo ukiwa peke yake ndani ya kimiminika, kulipuuza ni kuliacha jambo lenyewe. Msukosuko unaosababishwa na ushanga mmoja hufifia polepole sana, kwa uwiano wa moja juu ya umbali: ukienda mbali mara mbili, umepungua nusu tu. Matokeo yake ni kwamba furushi lililojikunja huyabeba maji yaliyomo ndani yake, shanga za katikati zikiwa zimekingwa na za nje. Bruno Zimm aliliingiza jambo hilo katika nadharia mwaka 1956, na tofauti na matokeo ya Rouse huonekana wazi. Katika modeli ya Rouse, ukiurefusha mnyororo mara mbili, muda unaohitajika mnyororo kulisahau umbo lake huongezeka mara 4. Katika modeli ya Zimm, kwa kiyeyushi (kimiminika ambamo mnyororo umo) ambacho hakiuvimbishi mnyororo, huongezeka mara 2.8 hivi.

Jambo linalonivutia zaidi ni lile alilolitabiri Pierre-Gilles de Gennes mwaka 1974. Mkondo wa kunyoosha unapolifungua furushi, shanga zilizokuwa zimekingwa hutoka na kukutana na mkondo uso kwa uso, kwa hiyo mkondo huushika mnyororo uliofunguka kwa nguvu kuliko ulivyolishika furushi. Maana yake ni kwamba kuna kiwango cha mkondo ambacho hakitoshi kulifungua furushi, lakini kinatosha kuuzuia mnyororo uliokwisha kufunguka usijikunje tena. Katika mkondo uleule, molekuli mbili za aina moja hubaki katika maumbo mawili tofauti kwa kufuata historia ya kila moja. Ilichukua karibu miaka 30 kuliona hilo kwa macho: mwaka 2003 kundi la watafiti lilitumia DNA ya bakteria wa E. coli iliyozidi milimita moja kwa urefu, likayaona maumbo yote mawili, na uigaji uliofanywa sambamba ulionyesha hivyohivyo. Programu isiyohesabu mazungumzo ya shanga kupitia maji isingeweza kuyaonyesha hayo ipasavyo, hata ikiachwa ifanye kazi mwaka mzima.

Gharama ni kweli ipo. Ermak na McCammon walionyesha mwaka 1978 namna ya kuyaunganisha mapigo ya nasibu na mazungumzo hayo, na njia yao hudai kuvunjavunja matriki kubwa, yaani jedwali la namba, katika kila hatua; shanga zikizidi mara mbili, kazi huzidi mara nane. Marshall Fixman alitoa njia ya mkato mwaka 1986, ambayo hukadiria matokeo kwa polinomia bila kuivunja matriki. Wengine huyarudisha maji yenyewe katika hesabu, si kwa molekuli zake bali kwa gridi au kwa chembe za kubuni zinazogongana na kubadilishana kasi ndani ya vyumba vidogo. Njia hizi zilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990, na zinafaa hasa mnyororo unapopita karibu na kuta au mahali penye umbo gumu. Ama polima zilizoyeyushwa kwa joto, zikiwa peke yake bila kiyeyushi, zikiwa zimesongamana, msukosuko wa kila ushanga humezwa na majirani kabla haujafika mbali, na hapo unaweza kuupuuza kwa moyo mweupe.

SWALI: *Ndugu Mhariri, uigaji huu una faida gani nje ya maabara?*

JIBU: Nitataja mawili. Polima ndefu, kwa kiasi kidogo sana, sehemu chache katika milioni, zikiwekwa katika kimiminika kinachokwenda kwa vurugu ndani ya bomba, msuguano hupungua sana. Mtafiti B. A. Toms aliliona hilo miaka ya 1940, na bomba la mafuta la Alaska nchini Marekani limetumia viongezo vya namna hiyo tangu mwaka 1979. Molekuli zinaponyooka hunyonya nguvu ya vizingia vidogo, na uigaji ndio unaotuonyesha zinanyooka wapi na lini. La pili limo katika damu yetu: protini ndefu iitwayo kigezo cha von Willebrand hukaa imejikunja mpaka mtiririko uwe mkali, hapo hufunguka na kusaidia chembe sahani kunata mahali palipojeruhiwa. Jaribio la mwaka 2007 na uigaji ulioambatana nalo ulionyesha kuwa ufungukaji huo hutokea ghafla, kwa kupita kiwango fulani cha mtiririko.

SWALI: *Ndugu Mhariri, hata hivyo picha za kompyuta hupendeza hata zikiwa za uongo. Tutajuaje kuwa mnyororo ulioigwa unafanana na wa kweli, na je, kompyuta yangu ndogo ya mkononi inatosha kujaribu?*

JIBU: Kwa miaka mingi hatukuwa na njia ya kujua, kwa kuwa majaribio yalipima wastani wa mabilioni ya molekuli kwa pamoja. Mambo yalibadilika mwaka 1997, pale kundi la Steven Chu katika Chuo Kikuu cha Stanford lilipoipaka DNA ya lambda rangi inayong'aa na kuitazama kwa darubini, molekuli moja moja, ikinyooshwa na mkondo. Walichokiona kiliwashangaza hata wenye nadharia: molekuli zilizo sawa, katika mkondo uleule, zilifunguka kwa njia tofauti, nyingine zikibaki na fundo katika kila ncha, nyingine zikikunjika katikati na kufunguka kwa taabu, kwa kutegemea zilivyokuwa zimekaa mkondo ulipozikuta. Tangu hapo, uigaji unaoonyesha mnyororo mmoja tu haumtoshi mtu makini. Iga mamia, kila mmoja ukianza kwa umbo lake.

Miaka michache baadaye watafiti waliiwakilisha DNA hiyohiyo kwa shanga 11 na springi 10 tu, na matokeo yao yalikwenda sambamba na yale ya darubini. Nayaamini kwa sababu ya mpangilio wa kazi yao: ukubwa wa ushanga na unene wa mnyororo vilipangwa kwa vipimo vya DNA katika maji yaliyotulia, kisha mwenendo katika mtiririko ukatabiriwa bila kugusa kitu. Mtu anayerekebisha namba zake mpaka zifanane na mchoro wa jaribio, kisha akauonyesha mchoro huohuo kama ushahidi, hajathibitisha chochote, na nawaomba wasomaji mlitazame hilo kwanza mnapokutana na ripoti za aina hii.

Kompyuta yako inatosha kabisa kwa mnyororo wa shanga 11. Programu huria kama LAMMPS zipo kwa wanaotaka kuiga maelfu ya minyororo, lakini kwa kuanzia ningekushauri uandike yako mwenyewe, tena yenye shanga mbili na springi moja ya kawaida isiyo na ukomo, kwa kuwa hapo majibu yanajulikana kwa kalamu. Katika maji yaliyotulia, wastani wa mraba wa urefu, ukigawanywa kwa uwiano wa nishati ya joto na ukakamavu wa springi, lazima uwe 3. Kisha weka mtiririko ambao tabaka za kimiminika huteleza moja juu ya nyingine, na ukizidishe kiwango chake kwa muda wa springi kurejea katika umbo lake. Zao hilo huitwa namba ya Weissenberg. Ikiwa 1, jibu lako liwe 5. Ikiwa 2, liwe 11. Programu ikitoa namba hizo kwa hatua tatu tofauti za muda, ongeza ushanga wa tatu.